Uvimbe wa Mwalimu

Wenzangu, mnicheke lakini mnisikilize kwanza. Mimi hufundisha sayansi hapa Tassia, na picha ya mifupa ya binadamu imetundikwa darasani kwangu mwaka mzima.

Mfungo wa kanisa ulipoisha, nikiwa naoga, nikagusa kitu kigumu katikati ya kifua, pale mbavu zinapoachana. Kimechongoka na hakisogei. Usingizi ukanihama. Nikawa nakipapasa nikipika, nikisahihisha, hata nikivuka barabara. Nikajiambia seli zimeanza kuzaana ovyo, maana hayo nimeyafundisha. Hospitali niliiogopa, basi nikawaita akina mama wa kikundi cha maombi.

Wakajaa sebuleni. Nilikuwa nishamwomba dada yangu anilelee watoto nikifa, na nilipowaambia hilo baadhi ya akina mama wakalia. Mama Mchungaji akaweka kiganja juu ya ule uvimbe, akaomba kwa Kiswahili, akahamia Kiluhya, jasho likimtiririka. Mara akanyamaza. Mkono wake wa pili ulikuwa unapapasa kifua chake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema polepole, "hata mimi ninao."

Kila mama akapitisha kidole chini ya leso. Tulikuwa tumefunga pamoja na kukonda pamoja, na kila mmoja alikuwa na wake. Wakainua macho, wakanitazama.

"Hii ni ncha ya mfupa wa kidari," akasema jirani yangu. "Binti yangu alinionyesha juzi. Anasema ni wewe uliyemfundisha."