Nilimhukumu Mwalimu Kabla ya Kusoma Kipande cha Tatu

Ni mimi. Yule mwanamke ambaye sauti yake ilizunguka kwenye simu za Kakamega nzima mwaka uliopita, ile ya "aache kalamu ashike jembe," ni mimi. Wengi mliicheka. Hata mimi niliicheka, niliisikiliza mara tano nikijipongeza. Leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Jina sitaji. Najua wengine mtanitambua tu, maana huu mdomo wangu hutangulia sokoni kabla yangu. Sawa. Acheni niseme, nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo hapa mjini, viti vitatu na kioo kimoja chenye ufa, na hapo ndipo sisi wanawake wanne tulikuwa tukikutana Jumapili baada ya kanisa kusoma hadithi. Msicheke! Msusi pia anasoma. Na aliyenifanya nisome ni mama mmoja ninayemwita Mwalimu mpaka leo.

Mwalimu alinifundisha darasa la nne, kule upande wa Navakholo. Nilikuwa mtoto mzito jamani! Wenzangu walikuwa wanasoma sentensi, mimi bado napambana na herufi. Mwalimu akawa ananibakisha kila siku saa ya chakula cha mchana. Tunagawana viazi vitamu vyake, kisha ananifungulia kitabu. Alivumilia mpaka nikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Kuanzia siku hiyo akaniita "omwana wanje," mtoto wangu, na akaendelea kuniita hivyo hata nilipopata watoto wangu mwenyewe.

Alipostaafu akaanza kuandika. Vitabu vitatu vya hadithi moja. Msichana aitwaye Radi, mvua ya nchi yake imeibwa na linani, lile zimwi la hadithi za nyanya zetu, na kufungiwa ndani ya chungu chini ya mto. Kitabu cha kwanza Radi anautafuta mto. Cha pili anashuka. Woi! Kuna mteja nilimsuka upande mmoja nikamwacha hivyo nusu saa, kwa sababu linani lilikuwa limemshika Radi mguu na sikuweza kuacha.

Cha tatu, cha mwisho, tulikingoja miaka miwili. Kilipotoka tulipata nakala moja tu, nyingine zilikuwa bado kwa mchapishaji. Watu wanne, kitabu kimoja! Nani angekubali kuwa wa mwisho?

Mimi ndiye niliyetoa wazo. Nikachukua wembe wa kunyolea nyusi nikakipasua kitabu vipande vinne, kila kipande nikakishona mgongo kwa uzi wa weave. Kila mtu na chake, ukimaliza unabadilishana na mwenzako. Tulijiona wajanja sana.

"Mayi wee, umechinja kitabu kama ingokho, kuku wa wageni," rafiki yangu Rispa akasema. "Nani atakula shingo?"

Tulicheka siku hiyo.

Nikasoma kipande cha kwanza. Nikasoma cha pili. Cha tatu kilikuwa kwa Rispa, naye akapata habari ya msiba, mjomba wake amefariki huko Matete. Akaondoka nacho kwenye mkoba. Misiba ya kwetu mnaijua, haiishi kwa kuzika. Bado kuna siku ya kunyoa nywele, bado kuna maneno ya ukoo. Ilikuwa wiki nzima.

Na kipande cha nne kilikuwa kwenye droo yangu, katikati ya vitana.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikajiambia, kwani huko katikati kuna nini kikubwa? Nikakifungua.

Radi anakivunja chungu. Mvua inarudi, halafu maji yanamchukua. Amekufa! Nililia mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikageuza kurasa nikijua Mwalimu hawezi kuniacha hivyo. Kumbe kurasa za mwisho ni kijijini, mtoto mchanga amezaliwa na analia tu, hanyonyi, hanyamazi. Hapo moyo ukapata nguvu, maana sisi Waluhya tunalijua jambo hilo. Mtoto akilia namna hiyo anataka jina. Anaitiwa majina ya waliotangulia, moja moja, na likifika lake ananyamaza.

Wakamwita Radi. Mtoto akazidi kulia! Wakaita majina mengine, wapi. Mwishowe nyanya mmoja akajongea akasema, "Naliaka." Mtoto kimya. Kitabu kimeisha.

Naliaka ni nani? Sikuwahi kumwona popote! Damu ikanipanda. Nikashika simu, kwenye kikundi kimoja kikubwa cha wasomaji nilichojiunga nacho, nikabonyeza kurekodi sauti na kuanza kumwaga. Nilisema Mwalimu ametuchezea. Nilisema tumefuata msichana vitabu vitatu, anatuulia, halafu anatuletea mtoto wa watu tusiowajua. Nilisema uzee umemwingia kichwani. Kisha nikamalizia na lile neno, aache kalamu ashike jembe.

Rispa alinipigia kutoka Matete. "Wewe, haungengoja nirudi? Hii kipande ya tatu haujasoma."

"Nimesoma kutosha," nikamjibu. "Ng'ombe akifa unangoja nini?"

"Mimi sijafika mwisho, lakini hapa iko kitu. Toa hiyo sauti."

Sikuitoa. Watu walikuwa wanacheka, wananisifu, wananiita mhakiki wa Kakamega. Mhakiki! Mimi! Kichwa kilivimba.

Mpaka jioni watu waliokuwa hawajui hata kama kitabu kipo walikuwa nayo. Bodaboda pale stejini walikuwa wanataniana nayo, ukikosea njia unaambiwa uache pikipiki ushike jembe. Mwenye duka la vitabu aliyekuwa amekubali kuweka vitabu vyote vitatu akaahirisha, halafu akakataa kabisa, akamrudishia Mwalimu maboksi yake. Na Mwalimu mwenyewe aliisikia sebuleni kwake, mjukuu aliifungua bila kujua ni ya nani. Aliijua sauti yangu kwa neno la kwanza. Angekosaje kuijua? Ni yeye aliyeifundisha kusoma.

Rispa aliporudi alikuwa amekisahau kile kipande Matete. Sikukiulizia. Nilikuwa na heshima zangu mpya.

Miezi ikapita. Siku moja nikanunua njugu pale sokoni, kwa mama mmoja anayezifunga kwenye karatasi. Nikazila, nikaitupia macho karatasi kabla ya kuitupa. Nikaona jina la Radi.

Ilikuwa sehemu ya katikati. Radi amekaa na nyanya yake ukingoni, kabla ya kushuka mara ya mwisho. Anamwambia, nisiporudi msinilie, ngojeni mtoto atakayekataa kunyamaza. Msimwite Radi, hilo ni jina la vita nilipewa na watu. Mwiteni lile ulilonipa wewe siku niliyozaliwa, wakati wa palizi, ambalo tunalijua mimi na wewe tu.

Karatasi ikaishia hapo. Haikuhitaji kuendelea. Palizi! Msichana aliyezaliwa wakati wa palizi kwetu anaitwa nani kama si Naliaka?

Radi alikuwa amerudi. Mwalimu hakutuchezea hata kidogo, alitupa mwisho mtamu kuliko wowote niliowahi kusoma, nami niliupasua kwa wembe na kuurukia.

Nikamuuliza yule mama karatasi zimetoka wapi.

"Iko mwalimu mmoja wa Navakholo alinipatia maboksi," akasema. "Alisema ni kazi yake ya zamani, hakuna mtu anasomanga."

Nikanunua njugu zingine. Nikafungua, si hiyo. Nikanunua tena.

"Mama, wewe unataka njugu ama unataka karatasi?"

Nililia mbele ya watu, mimi na mdomo wangu wote.

Alinipa karatasi alizobaki nazo. Nikazipeleka saluni, nikazinyoosha moja moja kwa pasi ya nywele, nikazishona. Jumamosi nikachukua kuku nikaenda Navakholo.

Nilimkuta Mwalimu shambani, kwenye mahindi. Alikuwa anapalilia.

"Mulembe, Mwalimu."

"Mulembe." Akasimama, akaegemea mpini. "Si ulisema nishike jembe? Basi nimeshika."

Alisema akitabasamu. Heri angenichapa!

Nikapiga magoti kwenye udongo. Nikamwambia sikuwa nimesoma kipande cha tatu. Nikamweleza wembe, msiba, droo, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza nikikwama kwenye silabi.

"Mimi nilikufundisha kusoma," akasema. "Kuruka ulifundishwa na nani?"

Tukaingia ndani. Nikatoa zile karatasi, na yeye akaniambia nisome. Nilisimama nikasoma kama mtoto wa darasa la nne. Pale ambapo karatasi zilikosekana alinijazia mwenyewe, neno kwa neno, ameangalia dirishani.

Mezani kulikuwa na daftari. Nilijua alikuwa ameanza hadithi nyingine, ya watoto wadogo, alikuwa amenisimulia kabla ya haya yote. Nikamuuliza imefika wapi.

"Mkono umekataa," akasema. "Nikishika kalamu nasikia sauti yako. Hiyo tu."

Nilituma sauti nyingine kwenye kikundi. Nikaomba msamaha, nikaeleza Naliaka ni nani, nikawasihi wasome wenyewe. Ile ya matusi ilizunguka kaunti nzima kwa siku moja. Hii ya msamaha wameisikiliza watu tisa, na mmoja akanijibu "sawa." Rispa hakunisuta. Kikundi chetu cha Jumapili kimekufa, na mimi nikifungua kitabu chochote siku hizi nahesabu kurasa kwanza, naogopa kuna kilichokatwa.

Ndugu zangu, kitabu hujakimaliza, funga mdomo! Na ukikimaliza hujakielewa, uliza kwanza kabla hujamtukana mtu. Aliyeandika yuko mahali anakaa, ana masikio, na pengine ndiye aliyekufundisha hayo maneno unayomtukania. Usifikiri sauti ukishaituma utaikimbilia uikamate. Haikamatiki! Nimejaribu.

Bado naendanga Navakholo kila mwezi. Nambebea sukari, namsuka nywele, tunaongea habari za mvua na mahindi. Ananikaribisha vizuri, ananipa chai, ananisindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa heshima.

"Asante kwa kuja, madam," ananiambia.

Madam! Yule mtoto wa kitabuni alilia mpaka wakamwita jina lake. Mimi langu ni "omwana wanje," na tangu siku ile sijalisikia.