Biblia juu ya kompyuta ya Nekesa

Marafiki, niombeeni, nisiue kazi ya Nekesa.

Binti yangu ameenda Bungoma, kompyuta akaiacha wazi hapa Kitale. Njiani akanipigia:

"Mama, sijaseva kazi ya mtihani! Hiyo programu inasikia amri ya herufi moja. Ukiandika q na ubonyeze Enta, inajifunga na yote yanapotea. Usiguse!"

Si mimi nikaifunika kitambaa, vumbi lisiingie. Nikaweka Biblia juu, kitambaa kisipeperuke.

Sasa nachungulia, q imejiandika.

Na kona ya Biblia imelalia Enta, bado kidogo tu iibonyeze.

Nikampigia. Akasema polepole: "Mama, usiinue hiyo Biblia, kona itabonyeza. Narudi."

Mngefanya nini, bana?

Naandika na mkono mmoja. Huu mwingine umeshikilia Biblia, na umeanza kuchoka.