Nilimwandikia Mama Moraa Katiba Iliyomfukuza

Sitaki pole zenu. Nimekosa, na nilikosa nikiwa na akili timamu, nimeshiba, nimeketi kwa gari safi. Jina langu sitalitaja kwa sababu bado nakula mshahara wa hapo, na hiyo peke yake ikuonyeshe mimi ni mtu wa aina gani.

Nafanya kazi kwa foundation moja hapa Nakuru, hizi za kupatia vikundi ufadhili. Pesa si zetu, zinatoka kwa watu wa mbali ambao hata hatujawahi kuwaona, lakini ukituona tukishuka kwa gari utadhani tuliuza ng'ombe wa babu zetu ndio tuzipate.

Wacha nikuambie vile tulivyo. Tunasema "jamii, jamii" kutoka asubuhi mpaka jioni, na hakuna hata mmoja wetu anayejua jina la mlinzi wa geti. Tunaenda hoteli kando ya ziwa siku tatu kuongea juu ya umaskini, halafu malalamiko yanayomfikia bosi ni kwamba samosa zilikuwa baridi. Huyo bosi tunamwita Daktari. Amesomea maendeleo mpaka akamaliza masomo yote, na matope hajawahi kukanyaga. Mimi nami nilikuwa na gumbuti mpya, vile viatu virefu vya mpira, nyuma ya gari, za kupigia picha.

Basi, kulikuwa na Mama Moraa wa Karagita, mtaa wa wafanyakazi kando ya ziwa.

Huyu alikuwa anaangalia watoto wa akina mama wanaofanya kazi kwa mashamba ya maua. Alikuwa na vyumba viwili vya mabati. Mama anapita hapo kabla jua halijachomoza, anamwacha mtoto na chupa ya uji, anakimbilia kazi. Hakuna bango, hakuna nini. Lakini alijua ni nani hali chakula mpaka abebwe mgongoni, na ni nani akikohoa si mchezo. Mtoto wa mtu alikuwa salama kwake, na kila mtu Karagita alijua hivyo.

Alikuja ofisini kwetu amevaa nguo ya kanisa. Akaniambia, "Madam, mimi nataka sakafu na tangi la maji. Watoto wanatambaa kwa vumbi."

Maneno yaliishia hapo. Sakafu na tangi. Ningetaka, ningempatia kwa ule mfuko wetu wa misaada midogo, ambao Daktari huwa anatia sahihi bila kuangalia.

Lakini fomu yetu inataka kikundi. Inataka mwenyekiti, katibu, mweka hazina, katiba na kumbukumbu za mikutano. Nikamwambia, "Mathe, hatufadhili mtu mmoja. Enda uunde kamati."

"Kamati ya nini, madam? Watoto ni hao, na mimi ndio huyu."

Nilicheka. Halafu nikaenda nikawasimulia wenzangu wakati wa chai, nikiigiza sauti yake, tukacheka sote na mandazi mdomoni. Aki sisi ni watu wabaya.

Kamati akaiunda kweli. Aliwachukua majirani, na mwenyekiti akawa mzee mwenye ploti, yule aliyempangisha vile vyumba, karani mstaafu, suti ya kahawia hata jua likiwaka. Kuandika katiba hawakujua. Nikasema nitawasaidia. Unajua nilisaidia vipi? Nilichukua katiba ya kikundi cha wafugaji wa samaki, nikatoa neno samaki, nikaweka watoto.

Nikaongeza na kipengele changu, kwa sababu Daktari anapenda kusoma habari za "viwango". Nikaandika kwamba mwangalizi wa watoto lazima awe na cheti cha malezi, na kamati ina uwezo wa kumbadilisha asiye nacho. Nilijua Mama Moraa aliachia shule darasa la tano. Alikuwa ameniambia mwenyewe.

Siku ya kutia sahihi tulikuwa kwake. Dereva alikuwa amewasha gari, na mimi nilitaka kufika Nakuru kabla barabara haijajaa malori. Mama Moraa akaweka kidole kwa hicho kipengele, sijui ni Mungu alimwonyesha, akauliza, "Hapa inasema nini?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya kawaida tu, mathe. Weka sahihi."

Akaweka. Akaniambia asante, akanifungia ndizi kwa karatasi niwabebee watoto wangu.

Sakafu ikamwagwa, tangi likaja, likapakwa rangi na nembo yetu kubwa kama ya duka la simu. Mwenyekiti akaanza kuja ofisini. Tulimpenda yule mzee vibaya sana. Alikuwa anaongea kama sisi, wadau hapa, uendelevu pale, na Daktari akasema hatimaye tumepata kiongozi wa mashinani. Kiongozi! Hakuwahi kumfuta mtoto hata mmoja kamasi.

Haukupita muda, akaleta barua. Kamati imekaa, imeamua mwangalizi hana cheti, nafasi yake itachukuliwa na msichana aliyehitimu. Msichana mwenyewe ni mpwa wake. Ilikuwa inatakiwa foundation iseme kama ina pingamizi.

Nilisoma ile barua mara mbili. Kila kitu kilikuwa sawa na katiba. Nikaandika, "Hatuna pingamizi," nikatia sahihi, nikaenda kwa mkutano.

Mama Moraa alinipigia simu siku hiyo. Akapiga tena. Nikageuza simu kifudifudi mezani. Mkutano wenyewe ulikuwa juu ya kuwasikiliza wananchi, na nilikuwa nimeketi mstari wa mbele nikiandika.

Niliporudi Karagita ilikuwa ni kwa ajili ya picha za ripoti ya mwaka. Sakafu inang'aa. Tangi limejaa. Msichana wa cheti ameketi kwa kiti cha plastiki anabonyeza simu. Hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Nikamuuliza, "Watoto wako wapi?"

"Hawaji, madam. Wazazi wa hapa hawathamini malezi."

Kumbe msichana alikuwa anafungua saa mbili, kama ofisi. Mama wa maua saa mbili ameshakata maua mpaka mgongo unauma. Angemwacha mtoto na nani hapo katikati? Wengine walikuwa wanaachia dada mkubwa, anakosa shule. Wengine walikuwa wanafunga mlango kwa nje na kuomba Mungu.

Nilimpigia Daktari simu nikamweleza. Akasema, "Tafuta watoto wa karibu, mpige picha muondoke."

Na nikawatafuta. Nilizunguka ploti nikaomba watoto wa watu, nikawaahidi biskuti. Mmoja nilimpakata. Ndiye yuko kwa jalada la ripoti, na mimi natabasamu nimevaa zile gumbuti.

Ni mama mmoja niliyemwomba mtoto aliyeniambia habari ya Kerubo. Kerubo ni wa miaka miwili, alikuwa akiachwa kwa Mama Moraa. Mama yake alimfungia ndani akaenda kazi. Mtoto akavuta chupa ya uji wa moto, ukammwagikia. Alipona, lakini mkono wa kulia umejikunja, vidole havifunguki.

Nilirudi kwa gari nikakaa. Dereva aliniuliza kama ni malaria.

Mama Moraa nilimpata mtaa wa Kihoto, anafulia watu nguo, kwa ploti ambayo maji ya ziwa yamefika mpaka ngazi. Hakuacha kufua. Nilianza kulia, nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Nilikuuliza inasema nini," akasema.

"Ndiyo, mathe."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakamua shati, akalianika, akachukua lingine. "Basi mimi nimekusamehe, madam. Lakini mkono si wangu. Enda kwa mama Kerubo umwambie vile umeniambia."

Nilidhani mama yangu mzazi ataniliwaza. Yeye yuko mtaa wa Bondeni hapa Nakuru, aliuza mboga huko akitulea, na sisi tuliachwa kwa jirani ambaye cheti cha malezi hajawahi kukiona. Nilipomsimulia, aliinuka akaingia jikoni. Tangu siku hiyo nikimpelekea unga na sukari, anawaita majirani anawagawia mbele yangu. Hagusi.

Na ofisini je? Nimepandishwa cheo. Daktari aliupenda ule mradi sana, na sasa mimi ndiye nafundisha wafanyakazi wapya kazi. Nawafundisha jinsi ya kuunda kamati.

Wewe mama unayesoma hii, wakija watu wa gari safi, wape chai, lakini usitie sahihi mpaka wasome kila mstari kwa lugha unayoelewa. Dereva anaweza kungoja, analipwa. Wakikuambia kazi uliyofanya miaka yote inahitaji mwenyekiti, wafukuze. Tangi la maji si kitu cha kukupotezea watoto.

Na wewe unayefanya kazi kama yangu, usijidanganye kwamba hujamfanyia mtu hivi. Angalia faili zako.

Kwa mama Kerubo ni kule kule Karagita, mlango wa bluu, nyumba ya mwisho kabla ya choo. Nimeuliza mpaka saa anayotoka kazini nikaambiwa. Imepita miezi na sijaenda. Nimeona ni afadhali niwaambie nyinyi wote msionijua kuliko kumwambia yeye mmoja.