Kifuniko cha Kalamu

Msimamizi wa ubora katika kiwanda cha dawa hukata kucha zake karibu na nyama, na mikono yake hunukia sabuni hata akiwa harusini. Katibu muhtasi, anayekaa naye chumba kimoja, amejifunza kumsoma kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti: wengine wakikasirika huipaza, yeye huishusha, mpaka umsogelee ndipo usikie anavyokukatalia. La pili ni kalamu. Akiifunika kifuniko, tak, maneno yamekwisha, hata ulete wazee wa ukoo.

Jana mwenye kiwanda aliingia akicheka meno yote nje. Alitaka saini ya msimamizi ili shemeji yake mwenyewe awe mkurugenzi. Sheria inataka mkurugenzi awe mfamasia mwenye leseni. Shemeji ni muuza magari.

"Dada yangu, usitubanie. Tumwite kaimu tu. Kaimu nani atamdai leseni?"

"Kaimu," msimamizi alirudia polepole, kama anayeonja kidonge kichungu. "Na dawa atakazopitisha zitakuwa kaimu dawa?"

Katibu muhtasi aliacha kuchapa ili asikie vizuri. Bosi alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Kazi hii naweza kukunyang'anya leo hii, dada."

"Ninyang'anye." Sauti ilikuwa imeshuka hadi bosi akalazimika kuinama. "Ila mgonjwa akizinywa dawa zake akafa, uende mwenyewe ukawaambie wanawe kwamba baba yao ni kaimu marehemu."

Tak.