Banda Lisilotaka Ugomvi

Ukimuuliza Gerishom Asava aliingiaje kwenye kazi ya njiwa, atakwambia aliingia kwa mlango wa kinyesi. Wala hatanii. Mwaka 2003 alikuwa askari wa lango katika ghala moja kule Jebel Ali, Dubai, na paa la ghala lile lilijaa njiwa mpaka mabati hayaonekani. Walichafua maboksi ya nguo, wateja wakapiga kelele, na msimamizi akatangaza kwamba atakayewaondoa bila kutia sumu atapumzika siku nzima. Wenzake Gerishom wakashika mafagio na kupiga makofi. Njiwa wakaruka, wakazunguka kidogo, wakarudi palepale.

Gerishom alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye ni mtu wa Vihiga, kwao kila boma lenye heshima lina kisanduku cha njiwa juu ya nguzo, na njiwa hafukuzwi kwa makofi. Aliokota waya kwenye taka za ghala, akasuka tundu lenye mlango wa vijiti vinavyoning'inia. Ndege akisukuma kuingia, vijiti vinampisha. Akitaka kutoka, vinagonga kizingiti na kugoma. Ndani akaweka mtama na sufuria ya maji, kwa sababu kwenye joto la Jebel Ali maji huvuta ndege kuliko chakula. Saa nne asubuhi tundu lilikuwa limejaa, naye amekaa kivulini anakunywa chai kama bwana harusi.

Ndipo akatokea Obaid, Mwarabu wa makamo aliyekuja kukagua mzigo wake. Akalitazama lile tundu muda mrefu.

"Hawa unawapeleka wapi, bwana?" akauliza, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka.

Gerishom nusura amwage chai. Kumbe mama yake Obaid alilelewa Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili ndiyo lugha ya mezani.

"Kuwatoa hapa ninajua, arbabu," akajibu, kwa lile neno la huko la kumwita tajiri. "Pa kuwapeleka bado sijapajua."

Obaid alikuwa na shamba Al Awir, na shambani alifuga mbwa wa kusaka ndege, wale weupe wenye mabaka ya kahawia. Mbwa wa namna hiyo akinusa ndege majanini hamrukii. Husimama kimya, mguu mmoja juu, pua imenyooka, amngoje bwana wake. Lakini hazaliwi anajua; lazima afundishwe, na darasa lake ni njiwa. Njiwa anafichwa majanini, mbwa anamtafuta, anasimama, njiwa anarushwa, na mbwa anatakiwa abaki palepale hata kama roho inamtoka. Kila wiki Obaid alinunua njiwa sokoni, na kila wiki waliruka wakapotea moja kwa moja. Alikuwa amechoka.

Basi akawachukua njiwa ishirini wa Jebel Ali, na Gerishom akaenda shambani siku yake ya mapumziko kuwatunza. Hapo akafanya kosa la mtu anayejiona anajua. Aliwafunga uzi mwekundu miguuni, akawalisha wiki mbili mpaka wakanenepa, akijua tumbo lililoshiba halihami. Siku ya mafunzo wakarushwa mbele ya mbwa. Wakapanda juu, wakazunguka mara moja, wakashika njia ya baharini wala hawakugeuza shingo.

Kesho yake Gerishom yuko langoni Jebel Ali, anainua macho, lo! Juu ya paa la ghala, nyuzi nyekundu. Kumi na mmoja, wamekaa mstari mmoja wanamtazama. Akampigia Obaid simu.

"Arbabu, njiwa wako wamefika kazini kabla yangu."

Obaid alicheka mpaka ikabidi asimamishe gari kando ya barabara.

Mwingine angeachia hapo. Gerishom hakuachia, maana mtu huyu ubishi wake si wa kawaida. Alikaa akafikiri, akaona kosa lake. Njiwa mzima ana kwao tayari, hata umlishe asali. Atakayelipenda banda la Al Awir ni yule atakayefungua macho yake ndani ya banda hilo. Akawakamata wakubwa upya, akawafungia shambani nyuma ya mitende, akawajengea viota vya mbao vyenye kivuli na upepo, akamwambia Obaid: "Tungoje wazae."

Wakazaa. Makinda yakatoka uchi na mabaya, kama ujuavyo kinda la njiwa, na Gerishom akayaona mazuri kuliko kitu chochote Dubai. Kabla hayajaweza kuruka sawasawa aliyaweka juu ya paa, na njaa kidogo tumboni, yatazame mitende, ukuta na tangi la maji. Kisha anatikisa kopo la mahindi yaliyopasuliwa, nayo yanaingia mbio. Yalipokomaa akawa anayabeba kwenye kapu, leo hadi getini, wiki ijayo hadi barabara kuu, baadaye mpaka kwenye vilima vya njia ya Hatta, anayaachia, anarudi na gari. Akifika anawakuta wako juu ya paa wanajichokoa manyoya, kama wanamuuliza amechelewa wapi. Kazi hiyo aliifanya siku zake za mapumziko kwa miaka miwili, na hakuna aliyemlazimisha.

Mwishoni mwa 2005 Obaid akaiomba kampuni ya ulinzi ya Gerishom imruhusu akae shambani msimu mmoja wa baridi. Akamwambia waziwazi: "Geri, msimu ukiisha njiwa wako bado wanarudi, mimi nitakuwa kafeel wako, mdhamini wa kibali chako, utakaa hapa. Wakipotea, khalas, utarudi langoni kwako."

Langoni kwake ni saa kumi na mbili za kusimama kila siku, na chumba cha watu wanane wanaopokezana feni. Gerishom hakutaka kurudi huko. Nasema hakutaka, na aliyewahi kusimama lango la Jebel Ali mwezi wa nane ananielewa.

Aliyefundisha mbwa pale shambani alikuwa Gervas, mtu wa Bukoba, mpole, maneno yake ya kupima. Wawili hao walielewana vizuri. Asubuhi Gerishom anamchukua njiwa, anamfumbika kichwa chini ya bawa, anamzungusha taratibu kama anayembembeleza mtoto, na njiwa analewa usingizi. Anamlaza majanini, anaondoka kwa kunyata. Gervas anamleta mbwa kwa kamba kutoka upande ambako upepo unamletea harufu. Mbwa akisimama, Gervas anamshika, Gerishom anamwamsha njiwa kwa ncha ya kiatu, ndege huyo juu, na kurudi bandani. Msimu mzima ukaenda hivyo, na hakupotea njiwa hata mmoja. Obaid akaanza kumsifu Gerishom kwa rafiki zake kwenye simu, na Gerishom, usimwone vile, sifa zilimwingia.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue. Gerishom anaamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba njiwa huhama penye ugomvi. Si hadithi kwake. Alikuwa na miaka tisa baba zake wadogo walipogombania shamba, wakatukanana uani siku tatu, na njiwa wa kwao wakaondoka wote, kisanduku kikabaki na manyoya. Kwa hiyo bandani kwake hapakuwa na sauti kubwa. Cheka ukitaka. Wewe si mwenye njiwa.

Ijumaa ya mwisho ya msimu Obaid alialika wageni wanne, watu wa mbwa wa kusaka kama yeye, waje waone. Alhamisi asubuhi akataka mazoezi ya mwisho na njiwa ishirini. Gerishom alikuwa na wazima kumi na tisa. Wa ishirini, jike moja la kijivu, alikuwa ameteguka bawa siku mbili nyuma na bado hajapona vizuri. Gerishom alilijua hilo. Lakini kumwambia arbabu kwamba hawatimii, siku moja kabla ya wageni? Akampapasa yule jike bawa, akajipa moyo, akamlaza majanini.

Alipoguswa na kiatu, jike likajirusha likashindwa kupanda, likawa linapigapiga mabawa chini karibu na pua ya Najma, mbwa mdogo kuliko wote. Hakuna mbwa mdogo duniani anayeweza kuvumilia hilo. Najma akachomoka mkononi mwa Gervas, na kufumba na kufumbua njiwa alikuwa amekufa.

Gerishom akalipuka. Mtu wa banda la amani, jamani! Alisimama palepale mlangoni mwa banda, akapaza sauti mpaka njiwa wakaanza kugonga kuta.

"Umemwachia mapema! Mbwa hana akili kwa sababu mwalimu wake hana!"

Gervas akainama kumshika Najma kamba. Obaid akaja mbio kuuliza kulikoni, na Gerishom akasema, "Gervas amemwachia mbwa, arbabu." Obaid, ambaye roho ilikuwa juu kwa ajili ya wageni, akamwambia Gervas kwamba kesho likitokea tena afunge begi lake. Gervas akasema, "Sawa, sir," akamfungia Najma, akaenda chumbani kwake. Hakula na Gerishom mchana ule, wala jioni.

Gerishom alijua amefanya nini. Alimzika yule jike chini ya mtende na aibu ikamkaa kifuani. Alfajiri akaenda kugonga kwa Gervas.

"Ndugu yangu, yaishe."

"Mimi sina neno na wewe," Gervas akajibu bila kufungua mlango. Na mtu akikujibu hivyo, ujue maneno anayo mengi.

Saa moja wageni wakafika na kanzu zao nyeupe na magari yao marefu. Kahawa ikanywewa, tende zikaliwa. Gervas akasimama upande wa majani ameshika kamba za mbwa, macho mbali. Gerishom akasimama mlangoni mwa banda, mkono kwenye komeo.

"Yalla, Geri, tuletee ndege," Obaid akasema.

Mkono haukutoka kwenye komeo. Ndani njiwa kumi na tisa walikuwa wanamsubiri, na yeye aliona wazi, kama ninavyokuona wewe, kwamba akiwatoa katika hali ile watapanda, watazunguka mara moja, na hatawaona tena. Na kweli nyingine ilikuwa imeketi nyuma ya hiyo: hata wangerudi wote, asingeweza kulala ndani ya shamba lile ambalo mwenzake ametishiwa kufukuzwa kwa uongo wake.

"Arbabu, ndege hawatoki bado," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa pana ugomvi, na ugomvi ni wangu. Yule njiwa wa jana alikuwa na bawa bovu. Nilijua. Nilimtoa ili hesabu itimie, halafu nikamsingizia Gervas. Gervas hakukosa lolote. Aliyekosa ni mimi."

Wageni hawakujua Kiswahili, lakini walijua kuona uso wa mtu. Vikombe vikasimama hewani. Obaid akakunja uso.

"Kwa hiyo njiwa amekufa kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu. Na uongo nimesema mimi. Ukitaka nirudi langoni nitarudi, lakini nimwombe kwanza huyu msamaha mbele yako, kwa sababu nilimtukana mbele yako."

Akageuka kwa Gervas. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuharibia jina ili nilinde langu."

Gervas akageuza macho, akamtazama. Kisha akamkabidhi mmoja wa wageni kamba za mbwa, bila hata kumuuliza, akavuka majani yote yale, akamshika Gerishom mkono kwa mikono miwili kama wafanyavyo kwao.

"Yameisha," akasema. "Mimi mwenyewe nilimwona yule jike anaburuta bawa. Ningesema, ningemwokoa. Nilikunyamazia."

Obaid alitazama wawili wale, akatazama wageni wake, akajikuna ndevu. Hakuna aliyejua atasema nini.

"Fungua banda," akasema.

Wakafanya kazi. Njiwa mmoja mmoja akalewa usingizi, akalazwa, na mbwa wakasimama kimya kama sanamu. Hata Najma alisimama, anatetemeka mwili mzima lakini amesimama, na wageni wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Ndege wakapanda mmoja baada ya mwingine juu ya mitende. Lakini asubuhi ile kulikuwa na upepo wa mchanga kidogo, na hawakuteremka bandani kama kawaida yao. Wakakusanyika juu, wakaelea upande wa vilima, wakapotea.

Gerishom akageuka kutazama banda. Paa lilikuwa tupu.

Obaid akamjia. "Kesho niletee paspoti yako tuanze habari za kibali."

"Hawajarudi, arbabu."

"Nimeona kwamba hawajarudi," Obaid akasema. "Lete paspoti." Akaenda kuwahudumia wageni wake.

Gerishom akarudi bandani. Akakaa chini ukutani mwa banda, na Gervas akamletea chai, akakaa naye, mabega yamegusana, wote wawili wanatazama juu. Chai ikapoa. Gervas ndiye aliyewaona kwanza, akanyoosha kidole kuelekea vilimani. Vitone. Vikakua, vikawa mabawa, vikateremka kwa kishindo juu ya paa. Gerishom akajaribu kuwahesabu, lakini machozi yalikuwa yamemjaa na haoni kitu, ikabidi Gervas amhesabie.

"Kumi na tisa," Gervas akasema. "Wote."