Jedidah Alivyompita Gatwiri

Klabu ya wakimbiaji ya Nkubu ilianza na watu wawili: Jedidah Kagendo, anayeuza mbegu na dawa za mifugo pale sokoni, na Mbaabu, dereva wa lori la maziwa. Daktari alikuwa amemwambia Jedidah kwamba presha yake iko juu, apunguze chumvi na awe anatembea. Akatembea wiki moja, kutembea kukamchosha, akaanza kukimbia. Miaka mitano baadaye klabu ilikuwa na watu ishirini, Mbaabu ndiye kocha, na kila Agosti walituma timu ya watu kumi kwenye mbio za kupokezana kijiti kutoka Meru hadi Embu.

Kipande cha mwisho, kutoka Runyenjes hadi uwanjani Embu, kilikuwa cha Jedidah. Hakuna aliyekiandika popote kwamba ni chake. Ilijulikana tu.

Gatwiri aliletwa na Jedidah mwenyewe. Msichana huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba Nchiru, alikuja dukani siku moja kumnunulia mamake dawa ya kupe. Jedidah akamtazama miguu, akamwuliza kama anakimbia. Akasema alikimbia akiwa sekondari, lakini sasa hana viatu. Jedidah akampa vyake vya zamani, ambavyo bado vilikuwa na soli.

Wiki mbili alijivunia kumpata. Wiki ya tatu Gatwiri alimpita mlimani, akageuka na kusema, "Pole, Mama Njagi," kwa jina ambalo wateja humwita Jedidah. Ile pole ilimkaa kifuani kuliko kupitwa kwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anahesabu mara ambazo Mbaabu alitaja jina la msichana mazoezini. Asubuhi moja alihesabu kumi na moja. La kwake lilitajwa mara moja, alipoulizwa kama amebeba maji.

Mwezi wa saba Mbaabu alisoma orodha. Gatwiri angekimbia kipande cha mwisho. Jedidah angempelekea kijiti, kutoka daraja la mto Thuci hadi Runyenjes, njia ambayo karibu yote ni kupanda. Mbaabu alieleza kwamba mlima unataka mtu mwenye uzoefu. Jedidah akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani, akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Siku ya mbio, alfajiri mjini Meru, aliombwa aongoze maombi kama kawaida. Aliwaombea wenzake mmoja mmoja kwa majina, magoti yao na pumzi zao. Jina la Gatwiri aliliruka. Alijua anachofanya. Msichana alikuwa amesimama karibu naye, macho ameyafumba, na akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jedidah alipokea kijiti Thuci timu yao ikiwa ya tatu. Alipanda vizuri mno siku hiyo, hasira ikimsukuma, na kabla ya Runyenjes alikuwa amempita mmoja na kumfikia mwanamume wa timu ya Kiritiri. Waliingia pamoja kituoni Runyenjes, pa kupokezania kijiti. Waamuzi walikuwa wameinamia karatasi zao, wakimbiaji wanaongoja wamejaa barabarani. Gatwiri alikuwa pale, upande wa kulia, mkono ameunyoosha nyuma, vidole wazi.

Jedidah alihamia kushoto, akajificha nyuma ya yule mwanamume, akapita.

Alimsikia Gatwiri akiita mara moja. Hakugeuka. Alikimbia akiwa na furaha ambayo hajawahi kuipata, kama kilomita mbili hivi, kisha mapaja yakakaza na pumzi ikakatika. Gatwiri alikuwa anamfuata wakati wote huo, kimya. Akasogea ubavuni, akanyoosha mkono tena. Jedidah akampa kijiti, akakaa kando ya barabara kwenye nyasi.

Gatwiri aliingia uwanjani wa kwanza. Lakini gari la waamuzi lilikuwa limeona kijiti kikikabidhiwa nje ya kituo, na adhabu yake ni dakika tano. Nkubu wakawa wa nne. Mbaabu alipouliza kilichotokea, Gatwiri alijibu kabla Jedidah hajafungua mdomo. Alisema alikuwa ameenda chooni, Mama Njagi akafika asimkute, akaamua kuendelea. Mbaabu alimkemea Gatwiri mbele ya timu nzima, na Jedidah akanyamaza.

Alinyamaza siku nne. Siku ya tano Gatwiri alipita dukani, na Jedidah akamwuliza kwa nini alidanganya.

"Wewe ndiye ulinileta," Gatwiri akasema. "Ningekusema aje?"

Badala ya kushukuru, Jedidah alihisi wivu mpya. Kwa miguu msichana amemshinda, na sasa kwa moyo pia. Akamfungia unga wa madini ya ng'ombe wa mamake bila kumtazama usoni.

Jumamosi, mazoezi yalipoisha, aliwaomba wenzake wangoje kidogo.

"Gatwiri hakuwa chooni," akasema. "Alininyooshea mkono nikauona. Nikampita makusudi."

Mbaabu akamwuliza sababu.

"Wivu," akasema. "Bado ninao."

Mwishowe Eunice, fundi wa nguo ambaye huwa wa mwisho kufika, akasema jua limepanda na watu wana kazi.

Mwaka huu Jedidah alipewa kipande cha kwanza, kutoka Meru hadi Nkubu. Alikikimbia, akakabidhi kijiti mahali panapotakiwa, kisha akapanda pikapu ya klabu na wengine hadi Embu. Gatwiri alipoingia uwanjani na watu wakaanza kuita jina lake, Jedidah alikuwa ameketi juu kabisa jukwaani, mikono kwapani. Aliitoa, akapiga makofi. Hayakuwa mengi.