Dakika Ishirini Mbele ya Taa

Kipanga hakuwa mwoga. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa nyoka chooni kwa fagio, kisha akarudi kumalizia kuosha vyombo. Lakini siku mashine mpya iliposhushwa kiwandani, imefunikwa turubai, hofu ilimwingia na haikumtoka wiki nzima.

Jina la Kipanga alipewa kwa sababu ya macho yake. Miaka kumi na tisa alikaa mbele ya taa nyeupe, chupa tupu za soda zilizotoka kuoshwa zikimpita moja moja, naye akizitoa zenye ufa, zilizomeguka mdomo, zenye mrija au mende ndani. Hata nyumbani hanywi maji kabla ya kuinua glasi dirishani. Mumewe, ambaye tangu avunjike nyonga hatoki kitandani bila kuinuliwa, humtania, "Umeshakagua, mama? Naweza kunywa nisife?" Nyumba nzima ilisimama juu ya macho hayo.

Kazi ya taa hufanywa na wawili, maana macho huchoka. Mmoja hutazama dakika ishirini, mwenzake akikaa nyuma yake kupumzika, kisha wanapokezana. Mwenzake Kipanga alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake, mama wa watoto watatu. Kipanga ndiye aliyemwombea kazi baada ya msiba.

Walikuwa na siri. Wifi alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto, na chupa zilianza kumpita. Basi Kipanga, badala ya kupumzika, alikuwa akichungulia begani kwake. Akiona mbovu, anamgusa kisigino kwa ncha ya buti, na wifi anaitoa. Mwaka mzima walikwenda hivyo, na hakuna aliyejua.

Jumatatu meneja akawakusanya. Mashine ina kamera, alisema, itatazama chupa yenyewe na kusukuma pembeni zilizo mbovu. Kwenye taa atahitajika mtu mmoja tu wa kuthibitisha. Ijumaa kutakuwa na mtihani: chupa mbovu kumi zitachanganywa na nzima, na atakayepitisha mbili ameanguka. Wakifaulu wote wawili, ofisi itaamua.

"Na atakayetoka?" aliuliza wifi.

"Atafundishwa kazi nyingine."

"Ipi?"

"Tutawajulisha."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," wifi akamnong'oneza Kipanga. "Hili hata salamu halijatupa." Akacheka. Kipanga hakuweza. Alijua ofisi itamhurumia nani kati ya mjane mwenye watoto watatu na yeye. Usiniambie wewe usingepiga hesabu hiyo.

Usiku hakulala, mchana hakula. Alimtazama mumewe akipapasa fimbo yake, akawaza, nikikosa kazi huyu nitamtunza kwa pesa ipi? Mtu wa umri wangu, aliyesomea chupa tu, nani atamtaka? Wifi alikuja kuwajulia hali, akamletea mgonjwa machungwa. Kipanga akashindwa kumwangalia usoni.

Ijumaa saa tatu asubuhi, Kipanga alitangulia. Alizitoa zote kumi. Meneja akaandika. Wakabadilishana viti.

Wifi aliziona nne za mwanzo mwenyewe. Ya tano ilipompita, buti la Kipanga liligusa kisigino lenyewe, kwa mazoea, kabla hata hajafikiri, na wifi akaitoa. Ya sita akaiona. Ndipo ikaja ya saba, imemeguka mdomo, kipande cha kutosha kumchana mtoto ulimi. Kipanga aliiona ingali mbali. Akaurudisha mguu chini ya kiti. Chupa ikapita.

Hiyo moja useme ni hofu. Useme pia kamera zilikuwa zimewashwa, na nani ajue kama haziangalii miguu? Yeye mwenyewe alijiambia hivyo. Haya, na ya tisa? Ya tisa ilikuwa na ufa mrefu, na wifi aligeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mguu haukutoka.

Meneja akafunga daftari. "Mama, pole," akamwambia wifi. "Mbili zimepita."

Chumba cha kubadilishia nguo hakikuwa na mtu mwingine. Wifi alikaa kwenye benchi, akavua buti moja, la pili akaliacha mguuni.

"Wifi yangu, nisamehe," alisema. "Nimetuangusha."

"Umetuangusha?"

"Jumatatu ile ile nilimfuata meneja. Nikamwambia, baba, kazi moja tugawane wawili. Wiki hii yeye, wiki ijayo mimi, kama tulivyozoea kupokezana. Akakubali, akaandika kabisa, ila kwa sharti tufaulu wote wawili. Akasema hata wenzetu wa ghalani wakitaka kugawana watafanyiwa hivyo." Alijifuta uso kwa kilemba. "Sikukwambia, maana nilikuona jinsi unavyotetemeka. Nilisema nitakupa habari likiwa jambo tayari. Nikajiambia, jicho langu bovu, sawa, lakini wifi si yuko nyuma yangu?"

Kipanga akainama kufungua kamba za buti zake.

Wifi akalivua buti la pili, akayapanga yote mawili vizuri ukutani, sasa ni ya mtu mwingine. Kisha akamtazama Kipanga kwa lile jicho lake zima.

"Mguu ulikufa ganzi, eh?" akauliza taratibu.

"Ndiyo," akasema Kipanga. "Ulikufa ganzi."

"Pole," akasema wifi, akachukua mkoba wake, akaondoka peku.